Namba Niliyoipitisha

Kwa miaka ishirini mdogo wangu wa kike hakumeza dawa yoyote kabla ya kunisomea namba. Hata akinunua dawa ya mafua alisimama palepale mbele ya kaunta, akanipigia simu, akaigeuza chupa kwenye mwanga na kunitajia tarakimu moja moja, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Mimi ndiye niliyemzoesha hivyo. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi inayosajili dawa. Kila dawa tuliyoikubali tuliipa namba, na namba hiyo ilichapwa chini ya lebo kwa maandishi madogo ambayo watu wengi hawajui hata kama yapo. Kwetu walijua. Niliwaambia wote, kuanzia mama yetu alipokuwa hai mpaka mpwa wangu alipokuwa bado anaota meno: yenye namba meza, isiyo na namba tupa. Wakanipachika jina la Bwana Namba. Nilijifanya jina hilo linanikera, lakini ukweli lilinipendeza sana.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sipendi kuulizwa jambo mara mbili, na mtu akianza maneno yake kwa "nilikuwa nafikiria labda" natamani kumkatiza. Kazini tabia hiyo ilinipandisha cheo. Nyumbani ilifanya watu waniogope kidogo, nami nikadhani wananiheshimu.

Mdogo wangu huyo ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: mashine mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha kumwonyesha mteja mwili mzima, na pasi nzito ambayo haikuruhusiwa kuguswa na mtu mwingine. Alishona sare za shule ili apate riziki, na suti za kike ili apate raha. Matundu ya vifungo aliyafunga kwa mkono. Wateja walikuwa wakiyafungua na kuyafumba wakiyatazama tu, na yeye akijifanya hawaoni.

Alipotimiza miaka arobaini na tisa aligunduliwa ana presha ya macho. Ule ni ugonjwa mwizi. Hauumi wala hauwashi. Unakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni kuja katikati, taratibu, na ulichokula haurudishi. Daktari alimpa matone ya kutia machoni kila jioni kwa maisha yake yote. Matone yalimchoma. Macho yakawa mekundu, wateja wakawa wanamwuliza anamlilia nani. Akanilalamikia mara mbili, na mara ya pili nilimjibu hivi: "Dawa si peremende. Tia, nyamaza." Hakulalamika tena, nami nikahesabu hilo kuwa mafanikio.

Sasa lazima nieleze habari ya vidonge vitamu, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka. Kuna tiba inaitwa homeopathi. Wenye tiba hiyo huchukua kitu fulani, mmea au madini au hata sumu, wakatia tone lake moja katika matone mia ya maji na kutikisa. Kisha huchukua tone moja la maji yale, wakalitia katika mengine mia, wakatikisa tena. Wanaweza kufanya hivyo mara thelathini. Mwisho wanainyunyizia sukari maji hayo na kutengeneza vidonge vidogo vyeupe. Wao husema kadiri dawa inavyopungua ndivyo nguvu yake inavyozidi. Sisi wa maabara tulikuwa tukisema kadiri inavyopungua ndivyo inavyopungua.

Zamani vidonge hivyo viliuzwa kiholela. Mwaka mmoja tulinunua chupa kumi na mbili madukani tukazipima. Nne zilikuwa na uchafu. Mbili zilikuwa na dawa kali ya kupunguza uvimbe, imesagwa na kufichwa ndani bila kuandikwa popote. Mtoto mdogo angeweza kufa. Kikao kikaitishwa haraka: tuvipige marufuku, tuviache, au tuvisajili kama dawa nyingine?

Nilikuwa katibu wa kikao hicho, na nilizungumza kuliko katibu anavyotakiwa kuzungumza. Nilisema kisichosajiliwa hakikaguliwi. Tukivipa namba, tutaingia viwandani mwao, tutapima sukari yao, tutawafungia wachafu. Ilikuwa hoja nzuri, na mpaka leo naiona nzuri. Kikwazo kilikuwa fomu yetu. Fomu ya kusajili dawa ina visanduku vitatu: je, haimdhuru mtu, je, imetengenezwa vizuri, je, inatibu? Kwa kidonge cha sukari viwili vya kwanza ni rahisi. Nilipendekeza cha tatu tukipige mstari tu, na vidonge hivyo tuviweke katika kundi lake lenye herufi H.

Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa mama mmoja mfupi tuliyemwita Mama Mizani, kwa sababu hakukubali kitu kwa makisio, hata sukari ya chai yake. Akaweka kalamu chini.

"Huo mstari unabaki kwenye faili letu," alisema. "Mtu aliye dukani atauona wapi? Yeye anaona namba. Namba ya sukari na namba ya dawa ya moyo kwake ni moja."

"Watu wazima wana akili zao, mama," nilimjibu. "Tusiwalishe kwa kijiko."

Wajumbe wakacheka. Mama Mizani hakucheka, lakini kura yake ilikuwa moja. Tukapitisha, na waraka wa kuanzisha kundi la H nikautia sahihi mimi.

Ikapita miaka minne. Asubuhi moja nilikuwa ofisini, nimezungukwa na mafaili, na karani amesimama pembeni na karatasi inayosubiri mkono wangu. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu.

"Kaka, shikamoo. Nina namba hapa."

"Marahaba. Soma."

Akasoma, nami nikabonyeza. Kwenye kompyuta ukatokea mstari wa kijani: imesajiliwa, muda wake haujaisha. Mwanzo wa mstari palikuwa na herufi H.

Niliiona. Nataka hilo lieleweke, maana nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba nilikuwa na haraka na sikuiona. Niliiona, na nilitabasamu. Nikasema moyoni, kumbe na huyu kaingia kwenye vidonge vitamu; labda ana mafua, acha alambe sukari yake, havitamfanya kitu. Ndivyo nilivyowaza juu ya mtu ambaye kwa miaka ishirini hakumeza chochote bila ruhusa yangu.

"Ipo," nikamwambia. "Tumia tu."

"Kwa hiyo haina neno?"

"Haina neno."

"Haya, ahsante kaka."

Nikakata simu, nikatia sahihi karatasi ya karani. Sikumwuliza dawa ile ni ya nini. Sikumwuliza anaanza nini wala anaacha nini. Katika ukoo wetu swali lilikuwa namba, na namba ilikuwepo.

Miezi iliyofuata nilimtembelea kama kawaida. Macho yake yalikuwa meupe, hayamchomi, na alinenepa kidogo. Nilimsifu. Lakini zilikuwepo dalili, na leo nikizikumbuka natamani kujipiga kofi. Siku moja aligonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba aliyoishi miaka kumi na minane. Siku nyingine alimimina chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimesogezwa. Mteja mmoja alirudisha koti ambalo mkono wake mmoja ulishonwa ndani nje. Nilimtania kwamba uzee umempata yeye kabla yangu, mimi niliyemtangulia kuzaliwa. Akacheka. Wote tulicheka.

Miezi kumi na minne baada ya simu ile mpwa wangu alinipigia. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na huwa hapigi simu saa za vipindi.

"Mjomba, mama amejishona kidole. Tuko zahanati. Lakini si kidole, mjomba. Muuguzi alisimama kulia kwake akamwambia anyooshe mkono, mama akawa anauliza nani anaongea."

Siku hiyohiyo tukampeleka kwa daktari wa macho. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na chumba chake kilikuwa na giza kwa ajili ya vile vyombo vyao. Alimpima mara ya kwanza, akampima ya pili, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa. Nikajua.

"Mama, jicho la kulia haliwezi kurudi," alisema. "La kushoto unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Tutajitahidi kulilinda hilo tundu. Matone yako uliyatumia?"

Mpwa wangu akafungua mkoba wa mama yake, akatoa chupa ndogo nyeupe, na badala ya kumpa daktari akanipa mimi. Ilikuwa mazoea tu. Kwao kila chupa ilipita mikononi mwangu kwanza. Niliigeuza. Chini ya lebo palikuwa na namba, na juu ya namba maneno ambayo ofisi yetu iliyaruhusu: husaidia macho yaliyochoka na yenye presha. Nilimpa daktari.

"Nani alikwambia uache matone ya hospitali, utumie hivi?" daktari aliuliza.

"Niliacha mwenyewe," mdogo wangu akasema.

Alikuwa amegeuza uso kuelekea kwangu, lakini si kwangu hasa, kidogo upande wa kushoto, alipodhani nimesimama. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa na mdomo, na chumba kilikuwa na watu wanne tu. Sikusema. Nilitazama ile chati ya herufi ukutani mpaka daktari akaendelea na mambo mengine.

Kesho yake nilimfuata muuza vidonge. Mtaani kwao wanamwita Daktari Mtamu. Nilikwenda nimepandwa na mori, nimevaa kitambulisho cha ofisi shingoni ili anione naja. Nilitegemea kukuta tapeli. Nilikuta chumba safi kuliko ofisi yangu, viti viwili, meza isiyo na vumbi, na rafu ya chupa ndogo zilizopangwa kwa alfabeti. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta.

"Karibu, Bwana Namba," alisema kabla sijajitambulisha. "Wewe si kaka yake fundi? Ana hali gani? Sijamwona muda."

Nikamwambia hali yake. Sikupunguza kitu. Akakaa taratibu, akavua miwani, na machozi yakamtoka mbele yangu. Nilichukia machozi yale kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Alipotulia akafungua daftari, akanionyesha ukurasa wa siku mdogo wangu alipofika mara ya kwanza. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Kwamba matone ya hospitali yanamchoma. Kwamba anaona aibu kwa wateja. Kwamba tangu afiwe na mumewe halali vizuri. Kwamba anaogopa siku moja atashindwa kutunga uzi kwenye sindano na hana kazi nyingine aijuayo. Nilisoma ukurasa ule nikaona habari za dada yangu ambazo sikuwa nazijua.

"Alikaa hapo saa nzima," alisema. "Nilimwambia asiache matone ya hospitali bila kuuliza. Nilimwambia hivyo, Mungu ananiona. Akarudi akasema, nimemwuliza kaka, kaka amesema haina neno."

"Mimi sikuambiwa kuna matone yanayoachwa!"

"Sasa mimi nitajuaje ulichoambiwa?"

"Na wewe mwenyewe, mtu mzima, unaamini sukari inatibu presha ya macho?"

"Dawa ya moto ni moto," alisema. "Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyoamini. Wanangu wamekua kwa vidonge hivi. Wewe huamini, na ni haki yako. Lakini mimi nilileta chupa kwenu, mkakaa nayo miezi minane, mkanirudishia ikiwa na namba. Nyie mlipoipa namba mlikuwa mnaamini nini?"

Ningependa awe mwongo. Mwongo unamfungia duka, unakwenda zako. Mtu anayeamini utamfanya nini? Nilitafuta kosa la kumshika nalo. Leseni ilikuwepo, haijaisha. Joto la chumba lilikuwa sawa. Cheti kilining'inia ukutani ndani ya fremu, na sahihi iliyokuwa chini yake niliitambua bila miwani. Nikatoka bila kuaga.

Ofisini kuna fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Nimeibuni kwa sehemu mimi mwenyewe, na nilikuwa najivunia ufupi wake. Swali la nne linasema: Je, dawa ilisababisha madhara? Ndiyo au Hapana. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Vidonge vile havikumfanya mdogo wangu kitu chochote. Hilo ndilo lililompofusha. Lakini hapakuwa na mahali pa kuandika habari hiyo, na ukitaka kuwa mkweli kwa fomu ilivyo, jibu ni Hapana. Nikaiacha fomu, nikaandika barua, nikaomba kikao.

Tulikaa watu tisa. Kiti cha Mama Mizani alikalia mtu mwingine, maana mwenyewe alikuwa amestaafu, na nilishukuru kwamba hakuwepo kuniona. Nikaeleza habari yote. Nikapendekeza kundi la H lifutwe, namba zirudishwe, vidonge vitolewe kwenye rafu za dawa. Anayetaka kuviuza aviuze, na kwenye chupa yaandikwe maneno makubwa yanayosomeka na mtu asiye na miwani: haijathibitishwa kutibu ugonjwa wowote.

Mwanasheria wa ofisi, binti mwerevu ambaye nilimpenda kwa ukali wake, aliinua mkono. Alikuwa na kumbukumbu za kikao cha zamani mbele yake.

"Naomba nisome," alisema. "'Kisichosajiliwa hakikaguliwi. Tukiwaacha nje ya rejista, tunawaacha wachafu sokoni, na watoto ndio watakaolipa.' Haya ni maneno yako, mzee. Mimi nayaona bado ni ya kweli. Tukifuta namba, nani atapima uchafu?"

Nilisema tunaweza kukagua usafi wa kitu bila kukiita dawa, mbona tunakagua maji na maziwa. Nilisema kosa halikuwa kukagua, kosa lilikuwa kuweka namba ileile mahali palepale. Nilisema mengi. Mwenyekiti alingoja nimalize, kisha akauliza jambo lililokuwa kwenye barua yangu.

"Umeandika kwamba mgonjwa alishauriwa na mtumishi wa ofisi hii. Mtumishi gani?"

"Mimi," nikasema. "Mgonjwa ni dada yangu."

Mwanasheria akafunga yale makaratasi polepole na hakunitazama tena. Uamuzi ukaahirishwa. Ikaundwa kamati ndogo ya kutazama ukubwa wa maandishi kwenye lebo, na kwa huruma, au kwa kukosa la kufanya, wakanichagua kuwa katibu wake. Nilikubali. Nikiwa natoka ndipo nikatambua kwamba nimekiri mbele ya watu wanane ambao hawakupoteza kitu, na yule aliyepoteza bado sijamwambia.

Nilikwenda kwake Jumamosi mchana. Mpwa wangu alikuwa ametoka. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kukatia, amezungukwa na nguo ambazo hakuzimaliza, sketi zisizo na upindo, koti lisilo na mkono. Alikuwa anazirudisha kwa wenyewe. Alikuwa anazipapasa moja moja, anajua ya nani kwa kitambaa, kisha anazikunja vizuri kuliko mimi ninavyoweza kukunja nikiwa na macho mawili.

"Kaka, umekuja wakati mzuri," alisema. "Chukua karatasi na pini. Mimi nataja, wewe andika. Watu wasije wakachukua nguo zisizo zao."

Nikakaa. Nikaandika ya kwanza, suruali ya kijivu ya dereva wa jirani. Nikaandika ya pili. Mashine zote mbili zilikuwa zimefunikwa kwa shuka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya hekima, yenye mwanzo na mwisho, na yote yakanitoka.

"Siku ile uliponisomea namba," nikasema, "nilijua ni vidonge vya sukari. Kuna herufi inatokea. Niliiona. Nilijua havitibu kitu, nikakwambia utumie."

Aliendelea kukunja. Alilainisha mkunjo kwa kiganja, akaurudia.

"Na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba havitafaa. Sikusoma kama wewe, kaka, lakini mjinga siyo. Vidonge vitamu vile, kwa macho? Yule mzee alinisikiliza vizuri tu, nikaona haya kumkatalia. Na nilikuwa nimechoka. Kila jioni kujichoma macho mwenyewe, peke yangu humu ndani. Nikasema, nitampigia kaka. Kaka atanigombeza. Ataniambia tupa takataka hizo, rudi kwenye matone yako, unafikiri dawa ni peremende. Nilijitayarisha kabisa kugombezwa. Nilikaa hapohapo ulipokaa wewe."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi.

"Nilikupigia unikataze," alisema.

"Kwa nini hukuniambia ni ya macho?"

"Hukuuliza. Na mtu anayetaka kuruhusiwa hasemi sana." Akaiweka kando ile nguo aliyoikunja. "Uliposema tumia tu, nilishangaa. Halafu nikafurahi, kaka. Nilifurahi sana. Nikayatupa matone kwenye ndoo ya taka, kwa mikono yangu mwenyewe, siku ileile. Kwa hiyo usijibebeshe yote."

Nilijaribu kumwomba radhi. Nilianza, nikakosea, nikaanza tena. Mimi nisiyependa mtu anayejiumauma, nikawa najiumauma mbele ya dada yangu kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Yeye akangoja mpaka nikaishiwa. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza kutafuta wangu, akaukosa kidogo, nikausogeza mpaka ukakutana na wake.

"Miaka yote hii umenigombeza," alisema, na hakuwa na hasira hata chembe, jambo lililonifanya nitamani hasira. "Kwa chumvi, kwa kulala kuchelewa, kwa kuchanganya vidonge vya mafua na chai ya moto. Umenigombeza mpaka kwa mambo ambayo sikuyafanya. Siku ile moja tu ndiyo ukawa mpole."

Akaurudisha mkono wake, akapapasa nguo iliyofuata, akaishika pindo mpaka akaitambua.

"Andika," akasema. "Sketi ya bluu. Mama wa duka la vitabu. Mwambie haikwisha, na kwamba naomba anisamehe."

Nikaandika hivyohivyo, neno kwa neno, nikaibana kwa pini.